Makofi ya Ghala la Nyamisati

Vijana wa mitambo mliobaki na bendi mmeniomba niandike kazi yetu ilivyokuwa tangu mwanzo, na hasa niandike kuhusu albamu ya mwisho niliyorekodi, ile ambayo kila mahali tunaulizwa kwa nini sauti yetu ilibadilika. Nitaandika yote mawili kwa mpangilio. Nani alipanda cheo na nani alilipwa nini hayamo humu, kwa kuwa hayajapata kumsaidia mtu kuweka mikrofoni mahali pake. Sababu ya mimi kustaafu kabla ya umri nitaieleza zamu yake ikifika.

Nilianza kwa kubeba waya. Bendi ilikuwa changa, ikipiga Kibiti mjini katika ukumbi mmoja kando ya barabara kuu, na muziki wake ulikuwa jazi ya gitaa na saksofoni iliyolalia juu ya ngoma za Kindengereko. Mimi nilitoka Mtawanya, nimemaliza darasa la saba, na nilijua redio kwa kuzifungua tu. Siku ya kwanza nikaunguza amplifaya. Niliona vumbi la barabarani linaingia kwenye matundu yake, nikaifunika kwa koti la mvua. Nyimbo tatu baadaye ikatoa moshi.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Boniface, mtu wa Iringa aliyeletwa Kibiti na kazi ya simu, akastaafu huko kwenye simu, akabaki. Aliliinua lile koti kwa vidole viwili.

"Bwana mdogo, umeivalisha koti Kibiti? Hata mimi wa kwenye baridi, Kibiti sivai koti."

Hakunifukuza. Alinipa kitabu cha mafundi redio kilichoandikwa kwa Kiingereza, pamoja na kamusi isiyo na jalada, akasema nikimaliza kurasa kumi nimweleze zinasema nini. Nilichukua wiki mbili kwa zile kumi za kwanza. Kitabu kizima kilinichukua miaka miwili, na hiyo ndiyo shule yangu ya sekondari. Alinifundisha pia kuunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa na chuma kilichopashwa kwenye jiko la mkaa, kwa sababu umeme ulikuwa na saa zake, na kukunja waya kwa kuufuata unavyotaka wenyewe kukunjika. Waya ukilazimishwa hukatikia ndani, ambako hukuoni.

Lakini kitu kikubwa alichonifundisha ni kofi.

Mzee Boniface kabla ya kurekodi chochote alisimama mlangoni, akapiga kofi moja kwa viganja vikavu, akasikiliza mwangwi unavyokufa. Alisema chumba hula sauti. Ukuta wa saruji unakula kidogo, pazia linakula zaidi, na mwili wa mtu unakula kuliko kiti alichokalia. Kwa hiyo chumba kile kile chenye watu watano kina mkia mmoja wa kofi, na chenye watu sita kina mkia mfupi zaidi, ambao sauti zake za juu, zile nyembamba, zimepungua kidogo. Tofauti ni ndogo kama tofauti ya chumvi katika mboga, lakini ulimi ukizoea haukosei. Alinisimamisha mlangoni, uso kwenye ubao wa mlango, akaingiza na kutoa watu nyuma yangu, nami napiga kofi na kutaja idadi. Nilikosea miaka mitatu. Mwaka wa nne nikaacha kukosea, mradi chumba niwe nakijua na watu wasizidi kumi. Zaidi ya kumi jibu langu lilikuwa "wengi."

Baada ya Mzee Boniface kurudi kwao, kazi ikawa yangu, na kofi likawa desturi ya bendi. Nilisimama mlangoni mwa ukumbi, mimi mwenyewe sijihesabu, mashine inarekodi, napiga, natamka: "Sita. Tunaanza." Sita ndiyo ilikuwa idadi ya bendi. Walilipenda neno hilo. Chande, mpiga ngoma wetu, mtu wa Dimani na mtani wa kila mtu, alijaribu kunitega mara nyingi. Alijificha nje ya dirisha, nikasema watano. Aliingiza dada wa chai kimyakimya, nikasema saba. Siku moja nikapiga kofi, nikasita, nikapiga tena, nikasema, "Sita na nusu." Wakaangua kicheko hadi mpiga besi akakaa chini. Nyuma ya ngoma kubwa Chande alikuwa amemfunga mbuzi.

Nayaeleza haya ili mjue kwamba nilikuwa sahihi, na kila mtu alijua nilikuwa sahihi. Bila kujua hilo, yaliyofuata yataonekana ya kijinga.

Kiongozi wa bendi ni Salumu, mpiga gitaa, mnamjua. Mdogo wake, Idi, ndiye aliyekuwa saksofoni yetu. Albamu zote za mwanzo zimejaa Idi. Hakujua kunyamaza. Gitaa likivuta pumzi, yeye ameshaingia. Mwimbaji akimaliza mstari, yeye ameshaujibu. Nilitumia miaka kumtafutia mahali pa kusimama ambapo asingewafunika wenzake, na mwishowe nikapata: kona ya kushoto, hatua nne kutoka ukutani, juu ya mkeka wa ukindu. Mkeka huo aliusuka mama wa mkewe. Mkewe, Mwajuma, ni fundi cherehani, na mashati yote mliyoyaona kwenye picha za bendi ni kazi ya mikono yake.

Kwa albamu ile ya mwisho tulipata ghala Nyamisati, karibu na gati la boti za Mafia, lililowahi kuwa la boriti za mikoko. Kuta za saruji, paa la mabati, sakafu imara, na pembeni kachumba ka karani ambako niliweka kompyuta na mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti. Kwa anayetaka kurekodi huko: fanyeni kazi kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Kabla ya saa mbili injini za boti zinawashwa. Baada ya saa tano mabati yanapata moto na kuanza kulia kama vidole vinavyovunjwa. Nilitundika magunia ya pumba za mpunga kwenye kuta mbili. Nikajifunza chumba kwa wiki nzima, kitupu, kikiwa na mmoja, wawili, hadi sita, nikaandika kwenye daftari. Tulifanya mazoezi siku nane. Idi alikuwa juu ya mkeka wake siku zote nane.

Siku ya tisa aliomba ruhusa kwenda Mafia kupiga kwenye harusi ya binamu yake. Boti yao ilipinduka mdomoni mwa mto. Abiria wawili waliokotwa wamekufa, nahodha akaokotwa mzima, na Idi hakuokotwa. Kisanduku cha saksofoni kilikutwa na wakata mikoko, kimenasa kwenye mizizi, kimefungwa vizuri, na ndani saksofoni ina tope kwenye kila kitufe. Watu walitafuta siku kumi. Sheikh alisema boti imeonekana, wenzake wameonekana, nahodha alimwona akizama, mwenye akili ajue. Mke akae eda. Familia ikaanza kupanga hitma.

Siku ya kumi na mbili tangu ajali Salumu alituita ghalani. Hakuwa na nguvu ya kufanya kazi, lakini nadhani hakuwa na nguvu ya kukaa nyumbani pia. Aliisafisha saksofoni mwenyewe, akaisimamisha kwenye kishikio chake juu ya mkeka. Wakashika vyombo. Salumu, Chande, besi, kinanda, mwimbaji. Nikasimama mlangoni. Mikono yangu ilifanya ilichozoea, na mdomo wangu pia.

Nilipiga kofi, nikasema: "Sita. Tunaanza."

Hakuna aliyeanza.

Chande alikuwa na fimbo hewani. Alizishusha taratibu. "Fundi," alisema, "umesema ngapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema nimezoea tu, ulimi umeteleza. Lau ningesema hivyo, mambo yangeishia pale. Lakini haikuwa kweli. Sikusema sita kwa mazoea. Nilisema sita kwa sababu ndiyo niliyoisikia. Mimi ni mtu ninayeandika vipimo, na mtu aliyeniuliza kipimo changu sikuweza kumpa kingine.

"Sita," nikasema.

Mwimbaji akasoma dua kwa sauti ya chini. Salumu aliutazama mkeka, kisha akanitazama mimi, kisha akaweka gitaa chini akatoka.

Nyamisati ni mahali padogo. Kabla ya adhuhuri Mwajuma alikuwa ameshapata habari. Na alichokifanya ni hiki: alikataa eda. Alimwambia mama yake, akamwambia sheikh, akamwambia Salumu, kwamba Fundi hajawahi kukosea hata mbuzi, na Fundi amesema wako sita. Mume wake hajafa, yuko njiani. Yeye hawezi kumkalia eda mtu aliye njiani. Alifungua cherehani siku hiyohiyo akaanza kushona mashati ya albamu mpya. Sita.

Salumu alinijia baada ya siku nne. Nilikuwa nasafisha vichwa vya mikrofoni kwa spiriti.

"Kila asubuhi shemeji yangu anasimama gatini," alisema. "Kila boti inayotoka Mafia anaihesabu abiria. Mama yake analia. Watu wanaanza kumwita majina. Wewe ndiye umemweka pale."

"Nilisema nilichosikia, kaka."

"Nani alikuuliza?"

Kwa kweli hakuna aliyeniuliza. Kutamka idadi ilikuwa mbwembwe yangu. Mzee Boniface aliandika idadi na kunyamaza.

Nikaamua kulitafuta kosa. Niliamini lipo, kama ambavyo ukisikia mvumo kwenye spika unaamini kuna waya umelegea. Kwanza nikaiondoa saksofoni na kishikio chake, maana kitu kipya chumbani kinaweza kula sauti. Nikapiga: sita. Nikatoa mkeka nje: sita. Pumba hunyonya unyevu, nikashusha magunia, nikayaanika siku mbili, nikayarudisha: sita. Nikaandika maji yakijaa na yakipwa, upepo ukitoka baharini na ukitoka bara, mlango wazi na mlango umefungwa. Nikabadilisha mahali pangu pa kusimama. Nikamvua Chande jaketi lake.

"Nikivua na suruali watabaki wangapi?" Chande aliuliza. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mwishowe niliwatoa wote nje. Asubuhi ya saa tatu, jua limeingia kupitia madirisha ya juu, vumbi linaonekana. Ghala tupu. Kofi la chumba kitupu lina mkia mrefu unaong'aa mwishoni, kama ukingo wa sufuria ukiguswa na kijiko. Nilipiga. Ule mng'ao haukuja. Nikapiga mara tatu. Kwa daftari langu, kwa vipimo vyangu vya wiki ya kwanza, ghalani mlikuwa na mtu mmoja.

Nitasema ukweli, sikutazama kona ya kushoto. Nilitazama viatu vyangu. Kisha nikaandika "1" kwenye daftari, nikaandika na saa pembeni, nikatoka. Walipouliza nikasema natengeneza waya. Ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza na idadi, na nilikuwa nimechelewa.

Kazi ilibidi iendelee. Salumu aliagiza mpiga saksofoni kutoka Dar es Salaam, kijana hodari, mwenye saksofoni yake na maneno yake. Hatukumwambia chochote. Nilimweka pale pale, kona ya kushoto, hatua nne kutoka ukutani, kwa sababu kisauti ndipo mahali sahihi. Akapiga wimbo mmoja vizuri. Wimbo wa pili alianza kujisogeza kulia. Nikamwomba arudi kwenye alama. Akarudi, akapiga, akajisogeza. Nikamwomba tena.

"Braza, hapa pananibana," alisema.

"Panakubanaje? Una hatua nne kila upande."

"Sijui, braza. Pamejaa. Ni kama nimesimama kwenye foleni na mtu hataki kusogea." Alicheka kidogo, akatutazama mmoja mmoja, akaona hatucheki. Alifuta mdomo wa saksofoni, akaurudisha kwenye sanduku. "Mimi nasepa. Muziki wenu mzuri, lakini nasepa."

Akaondoka na gari la saa sita.

Siku hiyo ndipo sauti ya bendi ilipobadilika, na mtakapoulizwa mseme hivyo. Hatukuwa na falsafa yoyote. Salumu alirudi kwenye gitaa, akasema, "Mizunguko minane ya Idi, tuiacheni." Kinanda akauliza, tuijaze na nini? Salumu akasema, "Nimesema tuiacheni." Wakapiga wimbo wote, na walipofika mahali pa saksofoni walinyamaza wote, wakahesabu mizunguko minane kimoyomoyo, wakaingia tena kwa pamoja. Mara ya kwanza waliingia ovyo. Mara ya tatu waliingia kama mtu mmoja. Halafu ikatokea kitu ambacho kama fundi nakitaja kwa heshima: kwa kuwa walijua ukimya unakuja, walianza kupiga kidogo zaidi kabla yake, na polepole zaidi baada yake. Gitaa likaacha kukimbia. Chande akaanza kutumia viganja badala ya fimbo. Bendi iliyokuwa imejaa kama gulio ikawa na nafasi kati ya sauti na sauti, ungeweza kupita katikati na ndoo ya maji kichwani. Nyimbo tisa, na katika kila moja mizunguko minane ambayo hakuna anayepiga.

Msiiguse mizunguko hiyo mkija kusafisha rekodi. Najua kompyuta inaweza kuifanya kuwa kimya kabisa. Si kimya. Chumba kimo mle.

Mwajuma aliyaleta mashati wiki ya sita tangu alipokataa eda. Tulisikia kandambili zake kwenye saruji, akaingia na furushi kichwani. Alikuwa amekonda. Alilifungua juu ya spika, akagawa: la Salumu, la Chande, la besi, la kinanda, la mwimbaji. La sita alilitundika kwenye kishikio cha saksofoni, akalinyoosha kola.

"Shemeji," Salumu alisema, "kaa kidogo unywe maji."

"Sikuja kunywa maji." Alinigeukia mimi. "Shemeji Fundi. Watu wanasema mengi. Mama anasema umenichezea. Sheikh anasema jambo hili si la kofi. Mimi sijawahi kukusikia ukihesabu kwa masikio yangu. Nipigie."

Salumu alinitazama kwa namna ambayo sikuhitaji kuelezwa. Alitaka niseme watano. Chande aliinamisha kichwa. Ningeweza kusema watano. Mwanamke angerudi nyumbani, angevaa nguo zake za eda, na familia ingepumua. Lakini mwanamke huyu alikuwa ametoka kusimama gatini wiki sita kwa sababu aliamini neno langu moja. Sikuona kwamba dawa yake ni neno langu jingine la uongo.

"Nitapiga," nikasema, "na nitasema ninachosikia. Liwe liwalo."

"Ndicho nilichokijia."

"Basi toka nje kwanza, shemeji, usichanganye hesabu."

"Sitoki," alisema. Akaenda hadi kona ya kushoto, akavua kandambili, akapanda juu ya mkeka wa mama yake, akasimama kando ya lile shati. "Kama yupo, yupo hapa. Nihesabu na mimi."

Hesabu ilikuwa rahisi, na kila mmoja pale aliifanya. Wanaume watano. Mwajuma wa sita. Kwa wiki sita chumba kilikuwa kimenipa mmoja zaidi ya walioonekana. Nilijua jibu kabla sijainua mikono: saba. Mashine ilikuwa inarekodi. Nikapiga.

Mkia wa kofi ulikuja, ukapita, ukafa. Nikapiga tena, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi mbele ya watu.

"Wangapi?" Mwajuma aliuliza.

"Sita."

Kisha akainua kidole, kama mwalimu anayeita majina, akaanza kutuhesabu kwa sauti. "Salumu, moja. Chande, mbili." Besi, kinanda, mwimbaji. "Tano." Akaugeuza mkono akajiwekea kifuani. "Sita." Kidole hakikuwa na pa kwenda tena. "Na yeye?"

Akautazama mkeka chini ya miguu yake.

"Nimesimama mahali pake," alisema polepole, "na hayupo."

Salumu alikuwa ameshaanza kulia. Mwajuma hakulia pale. Alilitoa lile shati kwenye kishikio, akalikunja kama anavyokunja mashati ya kupeleka kwa mteja, mikono ndani, kola juu, akalitia kwapani. "Shemeji," alimwambia Salumu, "nipeleke nyumbani. Mwambie mama anitafutie nguo." Mlangoni alisimama mbele yangu. Nilitegemea neno kali, nilistahili. Alisema, "Ahsante kwa kutonidanganya," akatoka na kandambili zake mkononi, amezisahau kuvaa.

Akakaa eda. Sheikh alikuwa na maneno yake kuhusu siku ya kuanzia kuhesabu; hesabu hiyo mimi siiwezi. Hitma ilisomwa Ijumaa iliyofuata. Sisi tukamaliza nyimbo mbili zilizobaki, na kwa kila moja nilipiga kofi, nikasikia watano, nikaandika watano, nikaonyesha vidole badala ya kutamka. Albamu ikatoka. Mtangazaji mmoja alimuuliza Salumu kwa nini sasa tunapiga kama watu wanaomsubiri mtu mlangoni. Salumu alisema, "Nafasi ya mtu haizibwi kwa kuwa amekufa." Huyo ndiye aliyetoa maelezo bora kuliko yangu.

Sasa zamu ya masikio yangu.

Miezi mitatu baada ya albamu nilikwenda kupimwa Dar es Salaam, kwa sababu nilianza kuwaomba watu warudie maneno. Daktari alinionyesha mchoro. Sauti za chini nasikia vizuri. Sauti za juu zimekatika, mstari unashuka kama ukingo wa mto uliomeguka. Nikamuuliza tangu lini. Akasema jambo hili huja taratibu, huenda mwaka, huenda miwili, na mara nyingine humeguka kipande kizima ndani ya wiki moja. Nilikaa barazani mwa hospitali na daftari langu. Maana mwili wa mtu hula sauti za juu, zile zile. Mtu aliyepoteza sauti za juu, akipiga kofi katika chumba anachokijua, atasikia mkia mfupi, mfifu. Atasikia mtu mmoja zaidi. Katika ghala tupu atasikia mmoja.

Hilo ndilo kosa langu kama fundi, na ndilo ninalotaka mlijue kuliko yote. Nilipima magunia, nilipima upepo, nilipima maji kujaa na kupwa. Sikupima kipimo. Ningepiga kofi moja tu katika ukumbi wetu wa Kibiti ningejua. Mwanamke alisimama gatini wiki sita kwa sababu sikwenda Kibiti kupiga kofi moja. Nilistaafu mwezi huohuo.

Nilimweleza Salumu. Alifarijika sana. "Kwa hiyo yalikuwa masikio," alisema. "Alhamdulillahi." Nikamwacha na faraja yake. Sikumwambia sehemu iliyobaki, na sehemu hiyo hainipi usingizi wa mchana, ambao mstaafu anastahili.

Kama masikio yangu ndiyo yaliyokuwa yakiongeza mtu, yangemwongeza na siku ile. Masikio hayajui nani amesimama mkekani. Wanaume watano na Mwajuma, yangeniambia saba. Yaliniambia sita, mara mbili. Na katika nyimbo mbili za mwisho, watu watano, yaliniambia watano. Nilimuuliza daktari kama masikio ya namna yangu hupona. Alisema hayaponi.

Makofi yote yamo kwenye diski, kila moja mwanzoni mwa rekodi yake, kuanzia yale ya wiki ya kwanza hadi la siku ya mashati na yale mawili ya mwisho. Daftari nimeliacha kwenye droo ya mikisa. Mnayo masikio ya ujana, na kofi mmeanza kulijua. Mwajuma amemaliza eda yake, amefungua duka la kushonea Kibiti karibu na stendi, na juzi nimepita akaniita ndani kunipima shati. Anacheka tena. Siwakatazi kusikiliza. Lakini atakayesikiliza, na akahesabu, ahesabu kimya.